Mama Mkwe Anaanika Mvuani

Jumapili, 25 Februari 2001

Ajenda hii, daftari la tarehe, nilipewa na tajiri anayeniuzia sabuni kwa jumla. Kila mwezi una picha ya mwanamke anayecheka na povu shavuni. Tangu Januari sijaandika humu hata neno, kwa kuwa sikuwa na la kuandika. Leo ninalo: mama mkwe wangu amehamia kwangu.

Jana waasi waliingia Kinama, mtaa anakokaa, na tangu alfajiri watu wanashuka mjini na magodoro kichwani. Yeye amekuja kwa miguu, na bunda la vitenge, sufuria, na mkebe wa ugoro. Mke wangu Mwanasiti alimkumbatia mlangoni, wakalia. Mimi nilisema "Karibu, mama" huku nikitazama chini, yeye akasema "Asante" huku akitazama ukuta, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwetu sisi, tangu kwa babu yangu aliyetoka Omani akapitia Ujiji mpaka hapa, mama mkwe haangaliwi usoni, hafanyiwi mzaha, wala hazungumzi na mkwewe ana kwa ana kama kuna mtu wa kupitisha maneno. Ni adabu nzuri kwa mtu mwenye nyumba kubwa.

Nyumba yangu hapa Jabe si kubwa. Mbele ni duka langu la manukato, udi na sabuni. Katikati ni chumba chetu. Nyuma ni ua, na choo kiko ng'ambo ya ua. Mama mkwe atalala dukani, mchana atakaa uani chini ya kipaa cha jiko, kwa sababu ndipo mahali pekee ambapo mvua haifiki. Kipaa cha jiko kinatazamana na mlango wa choo. Nimeutazama mkeka wake ulivyotandikwa pale nikajua nimekwisha.

Jumatatu, 26 Februari

Sikunywa chai.

Alhamisi, 1 Machi

Niandike mambo yalivyo, maana anayeisoma karatasi hii ni mimi tu, na mimi sina haja ya kujificha mwenyewe.

Nina ugonjwa ambao kwa Kiswahili hauna jina. Kwa Kifaransa ni sclérose en plaques. Daktari Adrien alinieleza hivi: nyaya zinazobeba amri kutoka kichwani kwenda mwilini zimechunika ganda, kwa hiyo amri nyingine hazifiki na nyingine zinafika kwa fujo. Miguu yangu amri haziifikii. Kibofu changu ndicho kinachotoa amri. Hakinipi taarifa mapema kama cha watu wengine. Kinasema sasa hivi, na "sasa hivi" yake ni kabla sijainuka kitini.

Daktari aliniambia ninywe maji mengi, jagi zima kwa siku na zaidi. Nikafikiri ananitania. Mtu ambaye hawezi kuzuia anaambiwa ajaze? Akasema wote wenye ugonjwa huu wanafanya kosa hilo hilo: wanaacha kunywa ili wasiende chooni, mkojo unakaa unaoza ndani, homa inapanda, na kila homa inaondoka na kipande cha miguu ambacho huenda kisirudi. Nilimwelewa. Mwezi uliopita nilikuwa nakunywa, naenda na kurudi na bakora yangu, na aliyekuwa akiniona ni Mwanasiti tu, au jirani yetu Massoudi anayeosha teksi yake kwenye lango la ua.

Sasa pale amekaa mama wa mke wangu. Nipite mbele yake nikiyumba kama mlevi, suruali imelowa mbele? Mimi ninayeuza harufu nzuri mji mzima? Mwanasiti alisema tuweke ndoo chumbani. Chumbani, ambamo nimepanga chupa zangu za waridi na yasmini. Nilimwambia asilirudie neno hilo.

Kwa hiyo nafanya hivi. Asubuhi ananijazia jagi kutoka kwenye bidoni, dumu letu la maji, nasubiri aende sokoni, nalimwaga dirishani kwenye mpapai. Jioni ananiuliza kama nimekunywa, namwonyesha jagi tupu.

Jumanne, 6 Machi

Iddi kubwa. Nyama, damu kwenye mfereji, nzi, watu wanakumbatiana na mikono ya mafuta. Niliswali nimekaa kwenye kiti. Supu sikuigusa, nikasema tumbo. Massoudi akacheka: "We Sleiman unajifanya mutoto ya bibi harusi, kula kidogo-kidogo."

Mama mkwe alikaanga ndagala siku ya Iddi. Nyama ipo, yeye ndagala. Harufu ya samaki wale wadogo imeingia mpaka kwenye kabati la udi, na mteja wa leo alinusa chupa ya yasmini akaniuliza kama ni ya zamani. Na ugoro. Anavuta, anapiga chafya, anatema kwenye mkebe, anaufunika, anaufunua, anatema. Nalala chumbani nausikia ule mfuniko. Nimechefuka na mfuniko.

Jumamosi, 10 Machi

Redio inasema jeshi limerudi Kinama. Massoudi alifika mpaka kule na teksi, anasema nyumba nyingi hazina mabati, hazina milango. Ya mama mkwe imebaki kuta.

Mwanasiti alinitazama nilipopewa habari. Nikasema mama akae mpaka mvua zikatike. Ningesema nini? Kisha niliingia ndani nikajichukia, kwa sababu kitu cha kwanza nilichokifikiria hakikuwa kuta zake. Nilifikiria kipaa cha jiko.

Alhamisi, 15 Machi

Sasa huyu mama amepatwa na kitu kichwani.

Kamba ya nguo ilikuwa nyuma ya jiko, juu, mahali penye jua. Ameitoa. Amechukua waya mnene wa umeme, sijui Massoudi alimpa wa wapi, ameufunga kwenye nguzo ya mlango wetu akauvuta ukipita ua mzima mpaka kwenye nguzo ya choo. Na ameufunga chini, usawa wa kifua changu, si mahali pa kuanikia nguo. Vitenge vyake vinaburuta pindo kwenye matope. Asubuhi yote mvua imenyesha na yeye ameanika. Nani anaanika mvuani? Vitenge vimelowa, vinadondosha maji, na mimi nikienda mahali pale ninapokwenda mara mbili kwa siku, vinanipiga mapajani, na harufu ya moshi, samaki na ugoro inanipanda puani.

Nilimwambia Mwanasiti mama yake aondoe kile kitu.

"Ongea naye mwenyewe," akasema, akijua siwezi.

Ijumaa, 16 Machi

Ameanika tena. Mvua tangu alfajiri.

Alhamisi, 22 Machi

Mpapai umeanza kuwa wa njano. Massoudi anasema mizizi yake imezidiwa na maji. Midomo yangu imepasuka, na mkojo wangu una rangi ya chai ya rangi. Mwanasiti ameuliza mara mbili kama nakunywa. Mara zote mbili nilimwonyesha jagi.

Mama mkwe ameanika.

Jumatano, 28 Machi

Nitaandika jambo la jana, kwa sababu nikiliacha litaoza ndani nalo.

Homa ilianza juzi. Mgongo ulikuwa unauma upande mmoja, chini ya mbavu, na miguu ikawa si yangu kabisa. Jana asubuhi Mwanasiti alikuwa sokoni, mvua inanyesha. Kibofu kikatoa amri. Hilo ndilo linalonitia kichaa: nilikuwa sijanywa kitu tangu juzi, na bado kikatoa amri. Nimejikausha kama ndagala na hata hivyo sikupata faida niliyokuwa naitafuta.

Nilifika katikati ya ua. Bakora ilizama kwenye tope, nikashika ule waya, waya ukakaza ukanizuia kidogo, kisha magoti yakaondoka. Nikakaa matopeni na vitenge vyake viwili vilivyolowa vikaniangukia kichwani. Na pale chini ya kitenge, vikatoka vyote, mkojo na kingine. Mimi nimeuza manukato miaka mingi. Nikinusa chupa najua nani ameongeza maji na nani ameongeza spiriti. Sijawahi kunusa kitu kibaya kama kile, na kilikuwa kinatoka kwangu. Nilitamani risasi moja ipotee njia kutoka Kinama inipate.

Nikasikia mfuniko wa mkebe. Kisha kitenge kikaondolewa usoni.

"Sleiman," alisema.

Hajawahi kuniita jina. Tangu siku ya harusi mimi ni "bwana ya Mwanasiti".

"Mama, toka. Nakuomba, toka. Niitie Massoudi."

"Massoudi iko mu kazi. Shika mi shingo."

"Mama, usiniangalie."

"Shika shingo, mutoto. Mvua inakupiga."

Nikamshika. Ni mwanamke mdogo, mkavu, lakini aliniinua kama anavyoinua mtu gunia la mihogo, kwa mgongo na si kwa mikono. Akanikalisha kwenye gogo la jiko. Akaniosha. Alitumia sabuni ya waridi ya dukani kwangu, ya bei, na hakuisikitikia, akaimaliza nusu. Muda wote alikuwa anatazama paa, anapapasa kwa mkono kama mtu anayetafuta kibiriti gizani. Akanifunga kitenge chake. Kikanuka moshi. Niliacha kinuke.

Alipomaliza alirudi kwenye mkeka wake, akakaa, akanigeuzia mgongo.

"Mi sijaona kitu," akauambia ukuta.

Massoudi aliporudi wakanipakia kwenye teksi. Adhuhuri nilikuwa kwa Daktari Adrien na sindano mkononi.

Jumamosi, 31 Machi

Niko nyumbani. Dawa zimepatikana, kwa taabu, maana siku hizi hata pamba ni habari. Daktari hakunipigia kelele, na ningependa angenipigia.

"Monsieur Sleiman, unakunywa maji kiasi gani?"

"Ninapewa jagi zima kila asubuhi."

"Sikuuliza unapewa ngapi."

Mwanasiti alikuwa amekaa pembeni. Aligeuza uso.

Daktari akasema safari hii figo imeponea chupuchupu. Mguu wa kulia labda utarudi, labda hautarudi. Akasema homa nyingine kama hii atanifundisha kukaa kwenye kiti cha magurudumu, na kwamba katika mji mzima anajua viti viwili tu, vyote vina wenyewe. Akanishika bega. Alikuwa amechoka, shati lake linanuka klorini.

Jumapili, 1 Aprili

Sikunywa maji ila ya kumezea vidonge. Jagi nililimwaga. Najua. Mkeka uko palepale, macho yake yapo palepale, na sasa ameshaniona nilivyo. Kabla ya hapo nilikuwa naogopa ataona. Sasa kila nikipita atakumbuka. Lipi ni baya zaidi?

Alhamisi, 5 Aprili

Nimefungwa. Sina neno jingine.

Jana alasiri alikuja Mwalimu Yahaya, yule wa chuo cha Kurani nyuma ya soko. Mama mkwe ndiye aliyemwita. Nilidhani amekuja kunisomea dua, nikajiweka sawa. Akatoa sahani nyeupe, akaandika aya kwa zafarani, polepole, mwandiko mzuri kweli, akaiosha kwa maji na marashi, na hilo ndilo kombe. Nimekunywa kombe tangu utotoni, kama kila mtu hapa. Unapewa kikombe kimoja, unakunywa, unasema amina. Nikanyoosha mkono.

Mama mkwe hakunipa kikombe. Alilichukua kombe lote akalimimina kwenye bidoni ya maji yangu ya kunywa.

"Mwanasiti," akasema, "ambia bwana yako ile bidoni yote ni kombe sasa. Iko yake peke yake. Anywe pole-pole, asubuhi mpaka jioni."

Mwalimu Yahaya akaitikia kwa kichwa, akasema ni vizuri, akaongeza jambo ambalo kila mtoto wa chuo analijua: maji ya kombe hayamwagwi ovyo. Maneno ya Mungu yamepita humo. Hayaendi chooni, hayaendi mferejini, hayaendi mahali panapokanyagwa na miguu.

Leo asubuhi Mwanasiti kaniwekea jagi, kaenda sokoni. Nikalichukua mpaka dirishani. Chini ya mpapai kuku wa Massoudi wanapita, watoto wanapita. Nikasimama pale na jagi mkononi kama mwizi aliyekosa pa kuuzia. Nikarudi kitandani nikanywa. Marashi yale ni mabaya, yamechanganywa, waridi halisi humo limepita kwa mbali tu. Nilikunja uso kila funda. Mpaka adhuhuri nililimaliza, kwa hasira, na amri zikaanza, na nikaenda, nikaenda, nikaenda. Vitenge vyote vilikuwa mvuani.

Alhamisi, 12 Aprili

Kunywa. Kwenda. Kunywa. Kwenda. Choo kinanuka, funza wanapanda ukutani wakati wa mvua, mbao ya mlango imevimba haifungi. Nimepata nafasi ya kuvijua vyote hivi kwa undani. Nachukia maji. Nachukia ladha ya bidoni chini ya zafarani, maana zamani ilikuwa ya mafuta ya mawese, na nani asiyejua kwamba mafuta ya mawese hayatoki.

Homa haijarudi. Mkojo umekuwa mweupe. Naliandika hili kwa ajili ya daktari.

Jumatano, 18 Aprili

Askari vijana wameiteka redio, wakasema serikali imekwisha. Jioni wao ndio waliokwisha. Mji mzima ulijifungia. Mama mkwe alianika.

Jumapili, 22 Aprili

Nimejiona nikifanya kitu. Nikitoka chumbani, kabla ya bakora, mkono wa kushoto unashika waya. Unateleza nao mpaka choo, ukisukuma vitenge mbele. Sijui nimeanza lini. Kwa mkono mmoja kwenye waya naweza kwenda bila kuyumba sana. Mtu aliyefunga waya ule chini amefunga kimakosa, lakini kosa lake limenifaa.

Alhamisi, 26 Aprili

Leo jua limetoka kidogo, saa za asubuhi. Nimepita, kitenge cha njano kikanigusa mkono, nikasimama. Kilikuwa kikavu. Nikashika cha pili. Kikavu. Cha tatu. Vyote vikavu, na hapakuwa na beseni lolote uani, wala povu, wala maji machafu mferejini. Ng'ambo ya vitenge nikasikia mfuniko wa mkebe. Nilipotazama chini nikaona miguu yake kwenye mkeka, imekunjwa, vidole tu. Yeye aliona nini upande wangu? Kitambaa. Amekaa chini, na kitambaa kinaanzia kifuani kwangu kinafika matopeni.

Nikaenda zangu nilikokuwa nakwenda. Kisha nikamsubiri Mwanasiti.

"Mama yako anafua nini kila siku?"

"Hafuagi."

"Na zile nguo?"

"Anaanika kavu. Asubuhi anaanika, jioni anatoa. Kama mvua inanyesha, zinalowa, anazikausha pa moto." Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. "We kweli hukujua?"

"Kujua nini?"

Akaweka kisu. "Alikaa wiki mbili hivi, kisha akaniambia: mukwe yangu anaogopa kupita. Mi sina pengine pa kukaa, na yeye hana pengine pa kupita. Basi niweke pazia. Nikasema nikuambie. Akakataa kabisa. Akasema, ukimuambia, itakuwa ni sawa mi nimemuona."

"Na waya? Mbona chini?"

"Mukono yako iko wapi ukisimama?"

Nikautazama mkono wangu wa kushoto.

"Na maji, nani alimwambia namwaga maji?"

"Mpapai," akasema Mwanasiti. "Kule Kinama alikuwa analima, anajua shamba. Akasema mpapai haufe na mvua, huu kuna mutu anaunywesha. Kisha akaenda kwa Mwalimu Yahaya."

Niliingia chumbani nikafunga mlango. Nimeandika kwenye ajenda hii kwamba amepatwa na kitu kichwani. Nimeandika harufu ya ugoro wake mara ngapi? Nasoma kurasa za nyuma nakinai. Mwezi na zaidi mwanamke mzee ameharibu vitenge vyake vyote, alivyoviokoa kichwani akiacha kuta na mabati, amevitia moshi kila usiku na matope kila asubuhi, ili mimi nisione haya mbele yake. Na mimi nilikuwa naumia pua.

Jumamosi, 28 Aprili

Bidoni haipungui. Nimemuuliza Mwanasiti, akasema mama akiona imefika nusu anaongeza maji ya bomba, kisha ananong'ona bismillah. Kwa hiyo zafarani ya Mwalimu Yahaya imekwisha zamani. Ninakunywa maji ya bomba yenye harufu ya mawese.

Lakini nani atasema ni tone gani limebaki na lipi halikubaki? Mimi siwezi kulisema, na siwezi kuyamwaga. Huyu mama angekuwa mfanyabiashara tungefunga maduka sote.

Jumamosi, 5 Mei

Mguu wa kulia umerudi, si wote. Daktari Adrien ameuchoma kwa sindano, nikaruka, akafurahi. Mpapai umekufa. Massoudi ameukata.

Alhamisi, 10 Mei

Mvua zimekatika. Ndugu zake wamepata mabati, yenye matundu ya risasi, lakini mabati. Anarudi Kinama. Mwanasiti amelia, amesema kule bado kunapigwa risasi. Mama amesema, "Mutu hawezi kukaa kwa mukwe mupaka afe, ni haya."

Nilitaka kusema akae. Nilikuwa nimeketi mlangoni mwa duka, yeye uani, Mwanasiti katikati.

"Mwanasiti," nikasema, "mwambie mama nyumba hii ni yake."

"Ambia bwana yako amesikiwa," akasema mama. "Na ile bidoni asiiache ikauke. Ikifika nusu, aongeze. Kombe itabaki mule mule."

"Mwambie nitaongeza."

Kisha mfuniko wa mkebe.

Nilipanga bunda lake kwa kisingizio cha kulifunga vizuri. Katikati ya vitenge, vilivyonuka moshi kiasi kwamba havitasafishika tena, nikaficha chupa ya marashi ya waridi, yale halisi, ambayo sijawahi kumpa mtu bure. Nikaficha na ile sabuni iliyobaki nusu. Ataona akifika. Hatasema kitu, wala mimi.

Jumapili, 13 Mei

Ameondoka na teksi ya Massoudi. Alipita mbele yangu mlangoni, kichwa chini. Mimi pia kichwa chini. Niliona miguu yake tu, vidole vile vile.

Jumanne, 15 Mei

Ua mtupu. Nilikuwa nauomba utupu huu tangu Februari. Mkeka umeondoka, ndagala zimeondoka, kabati la udi linanuka udi. Waya umebaki, mtupu, unang'aa juani kutoka nguzo hadi nguzo. Lango liko wazi, Massoudi anaosha teksi, na wateja wake wawili wamekaa hapo wanasubiri, wanatazama ndani kama watu wasio na kazi wanavyotazama.

Jana sikunywa. Ndiyo hivyo, naandika. Siku mbili tu na nimeanza tena. Leo asubuhi Mwanasiti kaniletea jagi kutoka kwenye bidoni, kaliweka. Nikalipeleka dirishani kwa mazoea. Hakuna mpapai. Kuna kisiki, na juu ya kisiki amekaa kuku wa Massoudi ananitazama.

Ni maji ya bomba haya, nikajiambia. Zafarani ilikwisha Aprili.

Nikarudi, nikaketi, nikanywa funda la kwanza. Harufu ya mawese, mbaya kama kawaida. Nikanywa la pili nikakunja uso. Nilipomaliza jagi nikaenda mwenyewe mpaka kwenye bidoni, nikaona imefika nusu, nikaiongeza maji ya bomba, na nikasema bismillah kwa sauti ndogo, ili Mwanasiti asisikie.

Alisikia.

"Mwanasiti," nikamwambia, "anika nguo."

"Nguo gani? Zote ziko kavu."

"Zianike hivyo hivyo."